Chombo Kipya na Mazoea ya Zamani

Na ichukuliwe ofisi moja, isiyotajwa jina kwa sababu inafanana na nyingine nyingi. Ni Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Ndani, ofisa kijana amekaa mbele ya kompyuta. Ameiagiza programu ya akili mnemba imwandikie barua, na kabla hajamaliza kukoroga chai yake barua imekwisha kutoka: ina salamu, ina aya tatu zilizonyooka, na mwishoni ina shukrani. Ofisa anatabasamu, maana zamani barua ya namna hiyo ingemla asubuhi nzima. Nje, kwenye benchi la ukumbini, amekaa mzee mstaafu mwenye bahasha ya kaki mapajani. Anangoja kuthibitishiwa kwa maandishi miaka aliyoutumikia umma, ili apate kulipwa mafao yake. Hii ni mara yake ya nne kufika. Barua iliyotoka kwenye mashine kwa nusu dakika ndiyo jibu lake, nayo inamwambia, kwa lugha tamu kabisa, kwamba jalada lake bado linatafutwa na kwamba anaombwa awe na subira.

Hapo ndipo penye swali. Je, tija katika ofisi hiyo imepanda au imeshuka? Barua imeandikwa upesi, hilo halina ubishi. Lakini shida ya mzee iko pale pale ilipokuwa, na nauli ya kurudi kwao ni ile ile. Kilichoongezwa kasi ni ile kauli ya siku zote ya "njoo kesho", ambayo sasa inasemwa kwa ufasaha zaidi na kwa gharama kubwa zaidi ya umeme.

Ndugu wafanyakazi, tija si pilikapilika. Mtu anaweza kutoka jasho tangu asubuhi hadi jioni, simu sikioni na karatasi mkononi, asiwe ametoa kitu. Tija ni ule uwiano kati ya kinachotolewa na kinachotumika: saa, fedha na nguvu zimeingia kiasi gani, na kimetoka nini ambacho mwananchi alikuwa anakihitaji? Hapana budi sehemu ya pili ya swali hilo itiliwe mkazo, maana ndiyo husahauliwa. Ofisi inaweza kutoa barua mia kwa siku isimtumikie hata mtu mmoja.

Ugonjwa huu si wa leo, wala si wa nchi moja. Mwaka 1955 mwanahistoria wa Kiingereza, C. Northcote Parkinson, aliandika katika gazeti la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote uliotengewa. Akatoa mfano wa Wizara ya Wanamaji ya Uingereza. Mwaka 1914 nchi hiyo ilikuwa na manowari kubwa 62 zilizokuwa kazini. Mwaka 1928 zilikuwa zimebaki 20. Katika muda huo huo maofisa wa wizarani waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Meli zikapungua, kalamu zikaongezeka! Umangimeza una tabia hiyo: haufi kwa kupewa vifaa vipya. Ukipewa vifaa vipya, hunenepa.

Sasa kimekuja chombo kipya kuliko vyote. Wako wanaokiita akili mnemba, wako wanaokiita akili unde, na wengine akili bandia. Kilikuwa kikitengenezwa kimya kimya kwa miaka mingi katika maabara za wataalamu, lakini watu wa kawaida walianza kukishika mkononi tarehe 30 Novemba 2022, pale kampuni ya Marekani iitwayo OpenAI ilipoitoa programu ya ChatGPT. Tangu hapo zimefuata nyingine nyingi, na leo zimo katika simu za makarani, walimu na wafanyabiashara.

Ni vyema ifahamike jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, kwa sababu asiyejua chombo chake hutumikishwa nacho. Mashine hiyo imelishwa maandishi mengi mno, kiasi ambacho mtu mmoja asingeweza kuyasoma hata akijaliwa kuishi mara elfu. Kutokana na maandishi hayo imejifunza kukisia neno gani lifuate neno gani. Ndiyo maana inaweza kuandika barua, kufupisha taarifa ndefu, kupanga takwimu katika jedwali na kutafsiri. Lakini yenyewe haijui kwamba mzee yuko kwenye benchi. Haijui jalada lake liko kabati gani. Ikikosa habari ya kweli, inaweza kujaza pengo kwa habari inayofanana na kweli, kwa sauti ile ile ya kujiamini. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hii ni ya kuazima, na cha kuazima kina masharti yake.

Yapo makosa mawili ya kuepukwa hapa. La kwanza ni kukipuuza chombo hiki na kukiita mchezo wa watoto. La hasha! Faida yake imepimwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitaja juhudi na maarifa kuwa masharti ya maendeleo, likaeleza kwamba kutumia jembe kubwa badala ya dogo, au plau inayokokotwa na ng'ombe badala ya jembe la mkono, ni maarifa. Anayekataa chombo bora kwa sababu tu ni kigeni hajaelewa maana ya maarifa.

Mwaka 2023 watafiti wawili wa chuo cha MIT cha Marekani waliwapa wasomi 453 kazi za uandishi za aina ile ile inayofanywa maofisini: barua, taarifa fupi na matangazo kwa magazeti. Waliopewa ChatGPT walitumia muda pungufu kwa asilimia 40, na ubora wa kazi yao ukapanda kwa asilimia 18. Mwaka huo huo ukatolewa uchunguzi mwingine juu ya wafanyakazi zaidi ya 5,000 wanaowajibu wateja wa kampuni moja ya programu za kompyuta. Waliosaidiwa na akili mnemba walitatua matatizo mengi zaidi kwa saa, kwa wastani wa asilimia 14. Lakini jambo kubwa liko ndani ya wastani huo: wale wapya na wenye ujuzi mdogo walipanda kwa asilimia 34, ilhali wazoefu karibu hawakupata kitu. Mashine ilikuwa imejifunza kutokana na majibu ya wazoefu, ikawapelekea wageni. Kwa karani aliyeajiriwa juzi, aliyepelekwa wilaya ya mbali isiyo na mkubwa wa kumwelekeza, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Kosa la pili ni kukisujudia. Nalo pia limepimwa. Katika mwaka huo huo wa 2023, washauri 758 wa kampuni moja kubwa ya ushauri wa biashara walijaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzao. Katika kazi zilizoifaa mashine, waliotumia akili mnemba walimaliza upesi zaidi kwa asilimia 25, na kazi yao ikawa bora. Kisha ikatolewa kazi nyingine, iliyochaguliwa kwa makusudi kuwa nje ya uwezo wa mashine. Hapo waliotumia mashine walipata jibu sahihi kwa uchache kuliko wasioitumia, kwa tofauti ya pointi 19 za asilimia. Wasomi hao hawakuwa wajinga. Waliliamini jibu kwa sababu lilivaa nguo nzuri.

Linalotisha zaidi ni hili. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti iitwayo METR iliwapima waandishi 16 wa programu za kompyuta, mafundi wazoefu wanaoijua kazi yao kama mkulima anavyolijua shamba lake. Kabla ya kuanza walitarajia kwamba akili mnemba ingewapunguzia muda kwa asilimia 24. Baada ya kumaliza walisema imewapunguzia kwa asilimia 20. Saa iliposomwa, ikaonekana imewachelewesha kwa asilimia 19! Mtu alikuwa anachelewa huku akijiona anakimbia. Ni mafundi 16 tu, wa kazi ya aina moja, wala mashine za leo si zile za jana. Lakini fundisho ni la wote. Hisia ya kwenda mbio si kipimo. Kipimo ni saa na kazi iliyomalizika.

Na anayelipa gharama ya uzembe huo ni nani? Mwezi Juni 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000. Walikuwa wamewasilisha hoja zilizotaja kesi sita ambazo hazijapata kuwako duniani. ChatGPT ilikuwa imezitunga, zikiwa na majina na namba zake, nao hawakwenda kuzitafuta katika vitabu vya sheria. Jaji hakuitoza mashine faini. Aliwatoza waliotia sahihi. Hiyo ndiyo kanuni ambayo kila mfanyakazi angefaa kuibandika juu ya meza yake: mashine haina sahihi. Mwenye sahihi ni mtu, na mwenye sahihi ndiye mwenye dhamana.

Kati ya kupuuza na kusujudu iko njia gani? Historia ya viwanda inatoa jibu. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl mjini New York. Ingedhaniwa kwamba viwanda vya Marekani vingebadilika mara moja. Havikubadilika. Kufikia 1900 umeme uliendesha chini ya asilimia 5 ya nguvu ya mashine viwandani, na hata walioutumia wengi wao hawakuona faida kubwa. Sababu yake ilielezwa na mwanauchumi Paul David mwaka 1990. Viwanda vya zamani vilijengwa kuzunguka injini moja ya mvuke, iliyozungusha mhimili mrefu wa chuma, na kila mashine ikafungwa kwenye mhimili huo kwa mikanda. Mwenye kiwanda aliing'oa injini ya mvuke, akaweka mota moja kubwa ya umeme mahali pake, na mengine yote akayaacha vile vile. Chombo kilikuwa kipya, mpango ulikuwa wa zamani. Faida kubwa ilikuja katika miaka ya 1920, wakati kila mashine ilipopewa mota yake ndogo, majengo yakapangwa upya, na mashine zikawekwa kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe.

Ndugu wafanyakazi, ofisa kijana wa Jumatatu asubuhi amefanya kama mwenye kiwanda yule. Ameondoa kalamu, ameweka akili mnemba, na masjala ameiacha ilivyokuwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupanga mazoea, na mazoea yanayotakiwa si ya ajabu. La kwanza ni kila jalada linalotoka masjala liandikwe: nani kalichukua, lini, na litarudi lini. La pili ni mfanyakazi aanze siku kwa kuandika kazi tatu ambazo zisipofanyika leo kuna mwananchi ataumia, azifanye hizo kwanza, ndipo afungue simu na mazungumzo ya makundi. La tatu ni kikao kisifunguliwe bila ajenda wala kufungwa bila kila azimio kupewa jina la mtu na tarehe. La nne ni kila Ijumaa kuhesabu yaliyomalizika badala ya yaliyoanzwa.

Watasema baadhi kwamba hayo yamehubiriwa miaka yote na watu hawabadiliki. Hubadilika, ila si kwa semina ya siku moja yenye posho. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kujijengea mazoea mapya madogo madogo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Ilichukua siku 66 kwa mtu wa kati hadi jambo lifanyike bila kusukumwa. Wepesi walitumia siku 18, na kwa wazito makadirio yalifika siku 254. Aliyekosa siku moja hakuharibikiwa, mradi aliendelea. Na mbinu iliyotumika ni ya kulifunga zoea jipya kwenye jambo linalofanyika kila siku, kama kifungua kinywa. Basi orodha ya kazi tatu na ifungwe kwenye kikombe cha chai cha asubuhi, na hesabu ya majalada kwenye kufunga ofisi jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Mazoea yakisimama, hapo ndipo akili mnemba inapopata mahali pake pa haki. Rejesta ya majalada ikiwa imejazwa, mashine inaweza kuisoma na kuonyesha yaliyopitisha tarehe ya kurudi, kisha ikaandaa barua za kuwakumbusha waliyoyashika. Inaweza kufupisha taarifa ya kurasa 60 ili mkuu wa idara ajue aanzie wapi kusoma. Inaweza kutoa rasimu ya muhtasari wa kikao, ambayo katibu ataisahihisha. Inaweza kumweleza karani mgeni hatua za kazi asiyoijua, naye akazilinganisha na kanuni zilizomo katika kabati la ofisi.

Lakini masharti ni matatu. Kwanza, kila tarakimu, kila jina na kila kifungu cha sheria kisomwe katika asili yake kabla ya sahihi kuwekwa. Pili, siri za watu zisimwagwe. Maradhi ya mgonjwa, mshahara wa mtumishi na namba ya kitambulisho cha mwananchi si vitu vya kubandika katika programu ambayo mitambo yake iko ng'ambo. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ilitunga yake mwaka 2019. Tatu, lugha ilindwe. Mashine hizi zimelishwa Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, na mara nyingi barua yake ya Kiswahili huwa na nyama ya hapa na mifupa ya huko. Mzee mstaafu asiandikiwe barua ambayo itambidi atafute mkalimani.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo zito. Saa iliyookolewa ni ya nani? Ikiwa karani alimaliza kazi kwa saa nne na sasa anaimaliza kwa mbili, zile mbili zinakwenda wapi? Mwajiri mwenye tamaa atasema apunguze watu. Mfanyakazi mlegevu atasema aende kupiga soga. Wote wawili wanakula kisicho chao. Saa hiyo, kwanza, ni ya mwananchi aliyekuwa anangoja: itumike kumaliza foleni. Inayobaki ni ya mfanyakazi, ajifunze kazi ya juu zaidi na afike nyumbani kungali na mwanga. Jambo hili lisiachwe liamuliwe na wauza mashine. Liletwe katika mabaraza ya wafanyakazi na vyama vyao, lijadiliwe kwa hesabu, kabla mkataba wa kununua mitambo haujatiwa sahihi.

Wala isisahauliwe kwamba hata mashine hiyo ina wafanyakazi wake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Januari 2023 jarida la TIME la Marekani lilieleza kwamba vijana jijini Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, kusudi ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaachia majeraha ya moyoni. Akili hiyo iitwayo mnemba imesimama juu ya akili na mishipa ya watu halisi, na baadhi yao ni majirani. Tija inayojengwa kwa kumkamua mtu mmoja ili mwingine apate wepesi ni unyonyaji uliopakwa rangi.

Na arudiwe sasa yule mzee wa kwenye benchi. Yeye hatauliza barua yake imeandikwa kwa kalamu, kwa taipureta au kwa akili mnemba. Atauliza kama ina miaka yake yote ya utumishi, kama tarehe ni za kweli, na kama hatalazimika kupanda basi mara ya tano. Siku karani wa masjala atakapofungua rejesta na kuona kwamba jalada lilichukuliwa na idara ya pili tarehe fulani, akalifuata kwa miguu yake, akalileta. Siku ofisa atakapoagiza rasimu, akailinganisha na jalada mstari kwa mstari, kisha akatia sahihi akijua kwamba jina lililo chini ni lake. Siku hiyo mzee ataondoka kabla ya saa nne na bahasha iliyojaa. Hiyo ndiyo itakuwa tija, na hapo mashine nayo itakuwa imestahili umeme wake.